Mkate wa Kila Siku: Somo juu ya Ombi la Nne la Sala ya Bwana



Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza maombi matatu ya kwanza ya Sala ya Bwana, ambayo yote yahusu utukufu wa Mungu: jina lake, ufalme wake, na mapenzi yake. Leo twafika ombi la nne, ambalo kwalo Bwana wetu Yezu Kristu atufundisha kumwomba Baba chakula cha siku. Maneno yake ni machache, hata mtoto huyashika upesi. Lakini hapa kwetu Tenke, kati ya reli na migodi, ombi hili lina mambo mengi ndani yake, wala haifai kulipita mbio kama wafanyavyo watu wanaosali huku mawazo yao yako sokoni.

Swali. Kwa nini twaomba mkate, na sisi twala bukari?

Jibu. Katika nchi ya Bwana wetu chakula kikuu kilikuwa mkate wa ngano au wa shayiri. Basi jina la mkate lilitajwa kwa chakula chote cha lazima. Sisi tuombapo mkate twaomba bukari, maharagwe, mboga, samaki, chumvi na maji safi. Tena twaomba Neno la Mungu, na Mwili wa Kristu katika Ekaristia Takatifu, ambao ninyi mtaupokea baada ya Ubatizo.

Swali. Kwa nini hatusemi mkate wangu, bali wetu?

Jibu. Kwa sababu twamwomba Baba mmoja, nasi tu ndugu. Aombaye chakula cha nyumba yake tu, na jirani yake amelala njaa, hajaisali bado sala hii.

Swali. Je, aombaye chakula aweza kuketi akikingoja?

Jibu. La. Mungu huleta mvua na kuotesha mbegu, lakini halimi shamba la mtu. Mtume Paulo aliwaonya Wakristu wa Tesalonike walioacha kazi zao, naye mwenyewe alishona mahema ili asimlemee mtu.

Hayo matatu mtayashika kwa moyo. Sasa tutazame jambo lenyewe lilivyo katika nchi yetu.

Mmekwisha kusikia habari za Yosefu, mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake akapelekwa Misri. Farao aliota ndoto, na Yosefu akamweleza maana yake: miaka saba ya shibe, kisha miaka saba ya njaa. Lakini Yosefu hakuishia kutabiri. Alitoa shauri: wakati wa shibe sehemu moja katika tano ya mavuno iwekwe ghalani, mjini karibu na mashamba, chini ya ulinzi. Angalieni vema hesabu yake. Hakuweka yote, wala hakuweka kile kilichobaki baada ya watu kuuza na kunywa. Aliweka sehemu iliyojulikana tangu mwanzo, naye aliiweka mavuno yalipokuwa mengi.

Wengi huikomea hadithi hapo. Afadhali kusoma mpaka sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Watu wasiokuwa na akiba walinunua nafaka kwa fedha yao. Fedha ilipokwisha, wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha, wakatoa mashamba yao, nao wenyewe wakawa watumwa wa Farao. Ndivyo njaa ifanyavyo kazi yake hata leo. Haimwui mtu siku ya kwanza. Kwanza humwuzisha mbuzi, kisha jembe, kisha mbegu, kisha shamba, na mwisho humtoa mtoto shuleni na kumpeleka kuosha mawe ya kobalti mtoni.

Wazee wetu walijua mpango mwema kuliko huo. Kabla ya kuja Wazungu, watu wa nchi hii, Basanga pamoja na majirani zao, waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika nchi nyingi za Afrika ya Kati. Watu wa kazi hiyo waliitwa wala shaba, yaani watu wanaoishi kwa shaba. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyefika Katanga mwaka 1910, aliandika habari zao mwaka 1926. Kazi ya shaba ilianza wakati wa kiangazi, mwezi wa Mei hivi, mtama ulipokwisha kuvunwa. Mvua zilipokaribia, tanuru ziliachwa na watu wakarudi mashambani. Waliitwa wala shaba, lakini walikula mtama. Shaba ilikuwa kazi ya miezi ambayo shamba halikuwahitaji.

Mpango huo ulivunjika. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Wanaume kwa maelfu walitolewa vijijini waende migodini, na waliobaki nyumbani hawakutosha kuwalisha. Kampuni ilinunua mahindi Rhodesia na kuwagawia wafanyakazi posho ya unga. Tangu siku hizo chungu cha Katanga kimetegemea shamba lililo ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1931 reli ya kwenda Dilolo na Lobito ikafunguliwa, nayo yaachana na ile ya kaskazini hapa hapa Tenke. Tena serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1917, iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na wakubwa, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Mtu aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Hapo ndipo wengi walipoanza kulihesabu jembe kuwa adhabu, na mawazo hayo hayajatoka katika vichwa vya vijana wetu mpaka leo, ijapokuwa hawajui yametoka wapi.

Baada ya uhuru mambo hayakunyoka upesi. Mwaka 1973 serikali ilinyang'anya maduka na mashamba ya wageni na kuyagawa kwa watu wengi wasiojua biashara wala kilimo. Magari yaliyokuwa yakinunua mazao vijijini yakatoweka. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, iliendelea kuwapa wafanyakazi wake unga, lakini mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na kampuni ikadhoofika. Miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa kupewa fedha ya mkono mmoja. Walio na shamba walipona. Wasio na shamba walijua mwezi huo huo kwamba posho haina mizizi.

Sasa migodi imefufuka. Hapa kwetu Tenke na Fungurume shaba na kobalti zimetolewa na kampuni kubwa tangu mwaka 2009, katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,500. Magari hupita usiku na mchana. Hata hivyo unga tunaoula bado watoka Zambia kwa sehemu kubwa, kwa njia ya Kasumbalesa. Mara kadhaa serikali ya Zambia imezuia mahindi kutoka, nayo ina haki, kwani kila baba huwaangalia kwanza watoto wake. Mwaka 2024 ukame mkali ulikausha mashamba ya huko, na tarehe 29 Februari Rais wa Zambia akatangaza kuwa ni msiba wa taifa. Mvua ilikosekana kwao, na bei ikapanda kwetu. Kisha, mwezi wa Februari 2025, serikali yetu ilisimamisha kobalti isitoke nchini kwa sababu bei yake duniani ilikuwa imeanguka. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ikaruhusu tena kwa kipimo. Sisemi kama uamuzi huo ulikuwa mwema au mbaya. Nasema tu kwamba nyumba isiyo na ghala hutikiswa na mvua ya Lusaka na kwa barua ya Kinshasa.

Tufanye hesabu ya nyumba moja, maana dini haikatazi hesabu. Nyumba ya watu 6, wakubwa wawili na watoto wanne, hula kama kilo 2 za unga kwa siku. Hizo ni kilo 60 kwa mwezi, na kilo 730 kwa mwaka. Na hekta moja ya mahindi katika nchi yetu, ikilimwa bila mbolea na kwa mbegu za zamani, kwa kawaida haifikishi tani moja. Basi mwenye hekta moja ana chakula cha mwaka na ziada kidogo ya chumvi, sabuni na karo. Hana mahindi ya kuuza nusu.

Lakini ndivyo afanyavyo. Tuseme mtu mmoja amevuna magunia 20. Mwezi wa Juni gari lafika, mchuuzi ana fedha mkononi, na watoto hawajalipiwa shule. Auza magunia 10. Mchuuzi apima kwa meka iliyojazwa mpaka kichuguu chamwagika. Akija kuuza mwenyewe, meka hiyo hiyo ataisawazisha kwa mkono. Mwezi wa Januari ghala la mkulima limefagiliwa. Anunua unga kwa bei iliyopanda mara mbili, na fedha ya magunia 10 yamrudishia 5. Magunia 5 yamekwenda wapi? Hakuna mchawi aliyeyachukua. Yamekwenda katika miezi sita kati ya Juni na Januari.

Katika madarasa ya dini swali hili huulizwa mara nyingi: Je, ni dhambi kuuza mahindi? Si dhambi kuuza. Mkulima ana haki ya kupata fedha kwa jasho lake, na Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alilalamika kwamba wakulima wameachwa nyuma ya watu wa viwanda, akazitaka serikali ziwapelekee barabara, maji, mikopo na bei ya haki. Lakini baba wa nyumba anayeuza chakula cha watoto wake ili anunue pombe, au simu mpya ya kujionyesha, atatoa hesabu kwa Mungu, sawasawa na yule aliyewapiga. Na mama asiyeshauriwa katika mauzo, ingawa ndiye aliyepanda, akapalilia na kuvuna, amedhulumiwa. Sehemu ya tano ya Yosefu yafaa hapa: katika magunia 20, manne yafungwe vema, wala yasiguswe kabla ya mwisho wa Januari, hata gari la mchuuzi likipiga honi mara ngapi.

Huenda mwingine atauliza: Basi yule awekaye mahindi mengi na kuyauza Januari kwa bei kubwa, ni mwenye akili au ni mwovu? Tutofautishe. Awekaye kwa ajili ya nyumba yake, na ziada akaiuza kwa bei ambayo jirani aweza kuilipa, hufanya kazi njema. Bila yeye kijiji kingekuwa na njaa zaidi. Lakini afungaye ghala makusudi, akingoja watu walie ili bei ipande, huyo kitabu cha Mithali chasema kwamba watu watamlaani. Nabii Amosi naye aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Meka ya kichuguu haikuanza Katanga.

Na mwenye njaa je? Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba vitu vya dunia Mungu aliviumba kwa ajili ya watu wote, na kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa njaa, asiye na njia nyingine yo yote, akitwaa chakula cha kumponya hana kosa la wizi. Yasikieni maneno haya kwa uangalifu. Hayamhusu kijana anayeingia usiku katika shamba la mjane kuvunja mahindi mabichi akayauze kituoni. Yamhusu mwenye ghala: akijua jirani yake anakufa njaa na asimpe, basi kilicho ghalani si chake chote.

Wala tusisahau Kwaresima. Katika nchi nyingi za kaskazini mfungo huja wakati watu wana akiba ya baridi. Kwetu Kwaresima huanza Februari au mwanzo wa Machi, ghala nyingi zikiwa tupu na mahindi mapya hayajakauka. Kanisa ni mama. Sheria ya kufunga yawahusu waliobatizwa wenye miaka 18 hadi 59. Wagonjwa, wajawazito na wanyonyeshao hawalazimishwi, wala aliye na njaa kwa umaskini haongezewi njaa nyingine. Ninyi wakatekumeni hamjafungwa bado na sheria hiyo. Aliye na mboga mbili na aache moja, aipeleke kwa asiye nayo.

Sasa nataka kukaa kidogo juu ya jambo linalowaua watoto wetu kimya kimya. Mtoto aweza kushiba bukari kila siku na bado akaugua kwa kukosa chakula. Bukari hutoa nguvu ya kutembea na kulima, lakini haijengi nyama ya mwili. Mwaka 2018 uchunguzi uliofanywa katika nchi yetu ulionyesha kwamba watoto zaidi ya 4 katika 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa kukosa chakula chema muda mrefu. Mtoto huyo hucheka na kucheza, na mama hajui kitu. Lakini akili yake shuleni itachelewa, na ufupi huo haurudi nyuma akiisha kupita miaka miwili ya kwanza.

Kuna ugonjwa mwingine unaoonekana wazi. Miguu yavimba, nywele zageuka nyekundu na kung'oka, ngozi yachubuka, mtoto hataki kucheza wala kula. Waganga huutaja kwa jina la kwashiokor, neno la lugha ya Kiga ya Ghana, ambalo daktari Cicely Williams alilitia katika vitabu vya tiba mwaka 1935. Maana yake yamhusu mtoto aliyeondolewa kifuani kwa kuwa mdogo wake amezaliwa. Ona jinsi akina mama wa Ghana walivyoujua ugonjwa huo kabla ya daktari! Mtoto huachishwa ziwa ghafula, akapewa uji wa unga mtupu, na kuvimba kwake watu hudhani ni unene.

Hapa nasema wazi, maana jambo hili limevunja jamaa nyingi. Mtoto akivimba hivyo, wako wanaokwenda kwa mganga wa ramli, na mganga humtaja nyanya, au mke mwenza, au mtoto mwingine wa nyumba hiyo hiyo kuwa mchawi. Mzee hufukuzwa, naye mtoto hufa. Mkatekumeni anayejitayarisha kumkataa Shetani na fahari zake hawezi kwenda huko. Mtoto apelekwe zahanati siku hiyo. Mwuguzi atampima mkono kwa utepe. Ukipungua sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, au miguu yote miwili imevimba, yupo katika hatari kubwa, naye hupewa chakula cha dawa kilichotengenezwa kwa karanga na maziwa. Wengi hupona kwa majuma machache. Nyanya aliyefukuzwa harudishwi kwa urahisi hivyo.

Kinga yake si ya gharama. Mtoto mchanga anyonye ziwa la mama tu miezi 6, bila maji wala uji. Kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili, huku akila uji uliotiwa karanga zilizopondwa, au unga wa soya, au samaki wadogo waliosagwa. Maharagwe, karanga na soya ni nyama ya maskini. Lengalenga na sombe zina mengi mema, na mafuta kidogo ndani yake huusaidia mwili kuyatwaa. Viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa hulinda macho. Karanga zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku, kwani zina sumu inayoharibu ini. Na mboga zilizolimwa kando ya barabara ya magari ya mgodi zioshwe sana kwa maji safi: mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mwilini. Mezani, baba asichukue samaki wote na kuwaachia watoto mchuzi. Desturi hiyo ni ya zamani, nayo ni mbaya.

Juu ya mihogo neno moja. Mihogo, kama mahindi, ilitoka Amerika, ikaletwa Afrika na Wareno. Nasi twaishukuru, kwani hukaa ardhini ikingoja wakati wa haja, hata ghala likiwa tupu. Lakini mihogo michungu ina sumu. Yapasa kulowekwa siku tatu kamili, kumenywa, na kukaushwa juani vema. Wakati wa njaa watu hupunguza siku, wakaitoa baada ya siku moja, hasa wachuuzi wakiwaharakisha. Huko Kwango daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa wa konzo: mtu mzima wa afya, mara nyingi mwanamke au mtoto, huamka asubuhi miguu imekakamaa, wala haitanyoka tena maisha yake yote. Sumu hiyo humdhuru zaidi asiyekula maharagwe wala samaki.

Je, yote haya ni kazi ya kijiji peke yake? Hapana. Mungu amewapa wakubwa wajibu wao, na Mkristu aweza kuwakumbusha bila matusi. Mwaka 2003, mjini Maputo, wakuu wa Afrika waliahidi kutoa sehemu 10 katika 100 ya fedha ya serikali kwa kilimo. Nchi yetu imekuwa mbali na kiasi hicho miaka mingi. Mwaka 2014 lilizinduliwa shamba kubwa la serikali huko Bukanga-Lonzo, upande wa Kinshasa, lenye matrekta mapya. Mwaka 2017 kazi ilikuwa imesimama na magugu yamerudi. Hapa Katanga Gavana Moïse Katumbi, aliyetawala toka 2007 hadi 2015, aliziagiza kampuni za migodi zilime kila moja hekta 500 za mahindi. Nia ilikuwa njema, lakini kwa maoni yangu mchimba shaba si mkulima, na mahindi yaliyolimwa kwa kuogopa gavana hayakuweza kudumu. Njia iliyojaribiwa Tenke na Fungurume yanipendeza zaidi: mkulima mdogo apewe mbegu bora na mbolea kwa mkopo, alime shamba lake mwenyewe, kisha alipe kwa magunia wakati wa mavuno.

Tena ipo sheria ya migodi ya mwaka 2018, ambayo wengi kijijini hawajaambiwa. Katika malipo ambayo kampuni hutoa kwa ajili ya madini, sehemu 15 katika 100 ni za wilaya ndogo ya mahali, yaani sekta, uchifu au komini. Mbali na hizo, kampuni yapaswa kuweka kando 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Fedha hizo hupangwa katika vikao, na katika vikao hivyo wanakijiji wana viti. Wapeni viti hivyo watu wanaojua shamba, na akina mama wawe miongoni mwao. Waombe ghala la kijiji lenye sakafu ya saruji, kinu cha kusagia, na daraja la kupitisha magunia, kabla ya kuomba uwanja wa mpira. Naye aliyelipwa fidia kwa shamba lililoingia katika mgodi, anunue kwanza shamba jingine, kisha pikipiki.

Mwezi wa Mei, tarehe 15, Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Isidoro Mkulima, kibarua wa mashamba ya Madrid, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622. Kwetu ni majira ya mavuno. Kikapu cha kwanza cha mahindi na kiletwe siku hiyo altareni, tena kisirudi nyumbani kwa katekista, bali kiwekwe kwa wajane na wagonjwa wa mtaa, na jina la aliyekileta lisisomwe.

Juma lijalo tutafundishwa ombi la tano. Kabla ya hapo kila mmoja ahesabu na mwenziwe wa nyumba: mwaka uliopita ghala lao liliwalisha miezi mingapi, na miezi iliyobaki walikula kwa fedha ya nani. Jibu aliandike kwenye karatasi, amletee katekista. Aliye na deni la mahindi kwa jirani, au anayewiwa na jirani, aliandike nalo pia, maana ombi la tano lahusu madeni.